Mgonjwa Asiye na Mji

...na bado inazunguka, ile alama ndogo kwenye skrini, inazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala, nami nimekaa hapa mikono kisogoni, miguu juu ya droo, kama mtu asiye na wasiwasi duniani, maana Sherwin ananichungulia kutoka meza ya mbele yangu na sitaki anione nimekunja uso, mimi, Wessel, niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na sita na leo wenye digrii zao wanakuja kuniuliza mambo, samahani Wessel, una dakika, ninazo, tena nyingi, pangeni foleni... lakini hii ni mara ya tatu, na mara mbili zilizopita kontena limeniambia kitu kilekile, majaribio yote ya msimbo wangu yamepita isipokuwa moja, moja tu, mstari mmoja mwekundu katikati ya kijani kama mtu aliyekuja msibani na suti ya harusi, wakati kwenye kompyuta yangu, hii hii ninayoigusa, yote ni kijani mwanzo hadi mwisho, nimeyaendesha asubuhi, nikayaendesha tena baada ya kahawa, kijani, ungeweza kulisha ng'ombe humo, sasa nani mwongo, mimi au kontena, "Kwangu inafanya kazi," nilimwambia Sherwin, naye bila hata kuinua macho, "Basi tuwapelekee wagonjwa kompyuta yako, kaka, tuifunge nyuma ya baiskeli tuizungushe nyumba kwa nyumba, Rotterdam nzima," na wale wawili wa dirishani wakacheka, wacheke, mvua inanyesha huko nje na hawana kingine cha kucheka... inazunguka... kontena lenyewe si la chuma, ni kompyuta ya kuwazia tu ndani ya kompyuta, chumba kitupu kinachojengwa upya kila ukibonyeza, ndiyo maana kinachelewa, kinaweka sakafu, kinaweka kuta, hakina picha zako wala mazoea yako, hakijui hata jina lako, unautupa msimbo wako humo ndani uone kama utasimama wenyewe, halafu majaribio yakiisha chumba kinabomolewa kana kwamba hakikuwahi kuwepo, na hicho ndicho kinachoniudhi, kwamba kitu kisichodumu hata muda wa kumaliza kahawa kinithibitishie mimi kwamba nimekosea, mimi niliyeichukua hii maktaba ikiwa zigo la matambara nikaitoa ikiwa wembe... maktaba tunaiita, ingawa haina kitabu hata kimoja, ni kipande cha msimbo ambacho programu nyingine huja kuazima, na hiki chetu kina kazi moja duniani, kujua kidonge kijacho cha mgonjwa ni saa ngapi, basi, kikishajua, kale kasanduku kwenye meza ya jikoni ya mgonjwa kanalia na kufungua kitundu, kidonge hiki hapa, kimeze kwa maji, na mimi ndani ya wiki mbili nimefyeka humo, nimefyeka kama mtu aliyepewa panga kwa mara ya kwanza, mistari na mistari aliyoandika Ineke kabla hajahamia Groningen, mama wa watu, alikuwa na uoga wa kila kitu, kama hivi basi hivi, na kama si hivi basi vile, na kama mgonjwa hana hiki basi chukua kile, msimbo mzima umejaa "na kama", nikasema huyu alikuwa anaandika programu au alikuwa anaota ndoto mbaya, nikafuta, ikawa fupi, ikawa nzuri, Tjitske mwenyewe, bosi asiyemsifu mtu, alisema "Safi, Wessel," maneno mawili, kwa mtu wa Friesland hiyo ni hotuba... na Tjitske anaitaka itoke kabla ya saa sita mchana, Ijumaa, ingawa katika kazi hii kila mtu anajua Ijumaa hutoi kitu, Ijumaa unapanga meza yako na kwenda kunywa bia, lakini keshokutwa Jumapili saa zinarudishwa nyuma, majira ya baridi yanaanza, na toleo la zamani lilikuwa linajikanyaga kila saa zinapobadilishwa, kwa hiyo jipya litoke leo, langu, na hakuna kinacholizuia ila huo mstari mmoja mwekundu... "Liandikie ruka," Sherwin alisema, kwa sauti ya kuuza bangi, "ruka, neno moja, kontena litalipita hilo jaribio kama halijaliona, utapata kijani chako, Jumatatu utalitazama kwa utulivu," nami, "We ungefanya?" naye, "Mimi sijasema kitu, bwana mkubwa, umesikia upepo," akatafuna mkate wake wa jibini, na mimi nimeliandika, lipo hapo kwenye kona ya skrini, ruka, juu ya jaribio hilo, sijalihifadhi bado, kidole changu kipo karibu na kitufe, hii mara ya tatu ikitoka nyekundu tena nabonyeza, ruka, kijani, saa sita, bia... kontena linanionea tu, naapa... Baba angecheka, Baba na makontena yake ya kweli, miaka yote ile bandarini Maasvlakte, upepo wa bahari unamchuna masikio, anapanda juu ya chuma kilichorundikwa kama ghorofa, anafunga vyuma vya kuyashikilia yasianguke baharini, mikono kama makoleo, na mimi siku ya kwanza ya kazi nilimwambia, Baba, na mimi nafanya kazi na makontena, akaweka chini kikombe, "Yapi?" nikamweleza, hayashikiki, hayana uzito, yamo ndani ya kompyuta, naye, "Kwa hiyo hata likikuangukia mguuni husikii," nikasema sisikii, "Basi hiyo si kazi, hiyo ni likizo," na Marloes, dada yangu, akacheka mpaka maziwa yakamtoka puani... halafu kuna lile jambo alilosema Baba siku hiyo hiyo, nilikuwa nimelisahau, alisema kuhusu makontena yake, kwamba wageni bandarini walikuwa wanauliza ndani kuna nini, ndani kuna nini, wakati ndani si shida yako, unalifunga tu, shida ni kwamba lenyewe halijui liko wapi, "Kontena halijui liko bandari gani, kijana, Rotterdam, Santos, kwake sawasawa, lisipoandikwa ubavuni liendako linapotea, hilo ndilo limekwenda," akapiga meza kwa kiganja, kiganja ambacho wakati ule bado kilikuwa kinatulia... sasa hakitulii, sasa kinatetemeka kama kimeshika simu inayolia, Parkinson, daktari alisema kwa upole kana kwamba anamtambulisha mgeni, na vidonge, saa mbili asubuhi, saa tano, saa nane, mpaka usiku, na daktari akasisitiza, si suala la kumeza, ni suala la saa, kidonge kikichelewa mwili unafungwa kwa ndani, kufuli, mtu mzima na akili zake zote amesimama na miguu haitaki... siku yake ya kuzaliwa, mwezi wa tatu, viti vimepangwa duara kama ilivyo ada, unaingia unapeana mikono na kila aliyekaa, hongera kwa baba yako, hongera kwa kaka yako, hongera kwa jirani yako, ndiyo, hata jirani anapongezwa kwa kuwa jirani, na Baba akaenda jikoni kuchukua sahani za keki kwa sababu mzee Arie, ndiye Baba, hahudumiwi nyumbani kwake, akarudi, na pale kizingitini, katikati ya jikoni na sebule, akaganda, sahani mkononi, keki zinatikisika, na duara zima likatazama vikombe vya kahawa, watu wazima wote wanasoma kahawa zao, na mimi nikainuka, mimi najua dawa yake, nimemsoma yule mzee kuliko daktari, nikaweka mguu wangu mbele ya mguu wake, kiatu changu kimelala kwenye njia yake, nikamwambia "Ruka, mzee, meli haisubiri," na kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuvuka, akavuka, akainua mguu kama anavyokanyaga ngazi ya meli, akaingia sebuleni, "Nani kaweka hiki kiatu kinachonuka hapa?" na duara likacheka, likapumua, na mimi nikala keki yangu kama mfalme... baadaye Marloes akabandika utepe wa manjano sakafuni, nyumba nzima, kizingitini, mlangoni mwa choo, mbele ya kitanda, mistari mistari ya kurukia, Baba akasema nyumba imekuwa gati namba tano... ruka... neno lilelile, sasa ndiyo naliona, lipo hapo kwenye kona ya skrini na lipo mdomoni mwangu kila Jumapili, ila pale naliweka pamoja na mguu wangu, na hapa... inazunguka, kuta zimekwisha, sasa linaleta vifaa vyake moja moja, polepole, kama mtu anayehamia... jana Marloes alipiga simu nikiwa kwenye baiskeli, upepo, nusu sisikii, "...Baba alisimama mlangoni mwa choo mpaka nilipofika, Wessel, sijui ni muda gani, alikuwa analia, hakutaka nimwone," nami nikapiga kelele juu ya upepo, mbona Jumapili alikuwa sawa, alitembea mpaka kwa muuza kroketi na kurudi, alinitukana kwa ajili ya mpira, alikula mbili na haradali, na Marloes akasema, "Yuko sawa ukiwepo wewe," nikacheka, nikasema, "Si ndiyo hivyo, kwangu anafanya kazi," na yeye hakucheka, akasema, "Hukai naye wewe. Unakuja tu," akakata... kwangu anafanya kazi, nilidhani ni utani mzuri, nilijichekea mwenyewe mpaka darajani... lakini ni kweli nafanyaje Jumapili, nafika, navua koti, natazama saa ukutani, na kabla kale kasanduku ketu jikoni kwake hakajalia mimi nimeshakitoa kidonge na kukiweka kiganjani mwake, kwa sababu sauti ya kale kasanduku inaniudhi, na kwa sababu napenda kuwa mbele ya mashine, kwa hiyo mimi sijawahi, kusema kweli, sijawahi hata siku moja kukasikia kakilia Jumapili, sijui kama kanalia kwa wakati, sijui kama anakasikia, ninachojua ni kwamba nikiwepo mimi Baba anatembea... "Wessel, bado?" ni Tjitske, amesimama mlangoni mwa ofisi yake na tufaha mkononi, "Linajengwa," nasema, "Linajengwa tangu nilipolinunua hili tufaha," anasema, anaondoka, na Sherwin ananong'ona, "Ruka, kijana, ruka," ananikonyeza, na mimi, ili nisimtazame usoni, nalitazama jaribio lenyewe, kwa mara ya kwanza leo nalisoma jina lake, mara mbili limenigomea na sijasoma jina lake, nimetazama rangi tu, kama mtu anayesoma bendera, na jina lake Ineke aliliandika refu kama kawaida yake, mgonjwa asiye na mji... mgonjwa asiye na mji, ni nani huyo, mama Ineke na ndoto zake mbaya, nani hana mji, kila mgonjwa anaandikwa mji wake ili kompyuta ijue saa yake, saa mbili ya Rotterdam si saa mbili ya kwingine, kuna sehemu ya mji, nimeiona, huwezi kuiacha wazi, inakung'ang'ania... sasa huwezi... zamani, mwanzoni kabisa, tulipokuwa tunajaribu na watu wachache, hiyo sehemu haikuwepo, wote walikuwa wa hapa, nani angeuliza, uliandika jina na saa za vidonge, basi, nami niliandika, meza ya jikoni kwa Baba pale Charlois, Baba ameshika kalamu inatetemeka nikamnyang'anya, "Nipe, mzee, utachora ramani," nikaandika Arie, nikaandika saa, na hakuna aliyeniuliza mji, si siku ile wala baadaye... Ineke alikuwa na mstari kwa ajili yao, naukumbuka, naukumbuka vizuri kwa sababu niliucheka kwa sauti, na kama mgonjwa hana mji basi chukua Rotterdam, nikamwita Sherwin auone, tazama huyu mama, mtu asiye na mji anapewa Rotterdam kama zawadi, tukacheka wote, nikaufuta, na baada ya kuufuta niliendesha majaribio hapa kwangu na yote yakawa kijani, kwa hiyo haukuwa na kazi, si ndivyo, ulikuwa pambo tu, kijani kilisema... lakini subiri, Wessel, subiri wewe mwenye kichwa kikubwa, kwangu ikiulizwa saa ya mtu asiye na mji inafanya nini, haina pa kusoma, kwa hiyo inaigeukia mashine, wewe uko wapi, na mashine yangu inasema niko Rotterdam, imekaa Rotterdam, imelowana na mvua ya Rotterdam, saa yake naiweka mimi, inajibu kwa niaba ya yule asiye na mji na jibu linakuwa sahihi, kwa bahati, kwa sababu tu mimi nipo hapa, na kontena likiulizwa wewe uko wapi... halijui liko bandari gani... linashika saa ya Greenwich, iliyo nyuma ya yetu kwa saa mbili, kama yatima anavyoshika mkono wowote, na kwake kidonge cha saa mbili asubuhi kinakuwa kidonge cha saa nne, na keshokutwa saa zikirudi nyuma kitakuwa cha saa tatu, na huko kwenye kazi halisi, kwenye seva, hakuna kompyuta yangu, hakuna Wessel, kuna makontena tu, yamerundikwa kama ghorofa, matupu, yote hayajui... na mzee amekaa kitandani anakangoja kale kasanduku, anakaamini kwa sababu mimi nilimwambia akaamini, nilimwambia hicho ni kitu changu, Baba, humo ndani nimo mimi, na hakalii, saa mbili hakalii, saa mbili na nusu, anajaribu kusimama, utepe wa manjano upo sakafuni, mguu haupo... nikibonyeza... nimeliandika hilo neno kwa mkono wangu mwenyewe, ruka, juu ya mtu asiye na mji, niliambie kontena limpite kama halijamwona, na ningekunywa bia jioni, na Jumapili ningefika Charlois, ningevua koti, ningetazama saa ukutani, ningetia kidonge kiganjani kabla ya kasanduku, na Baba angetembea, na ningemwambia Marloes, unaona, kwangu... kwa hiyo hata Jumapili nisingejua, ndicho hicho, ningekuwa pale pale jikoni na nisingejua, kwa sababu popote nilipo mimi kosa linajificha nyuma ya mgongo wangu, mimi ndiye niliyekuwa najibu, kila swali ambalo halikuandikwa jibu nilijibu mimi kwa kuwepo tu, na nikaita hiyo kazi nzuri, na yeye siku sita nyingine yuko ndani ya chumba ambacho mimi simo, ndicho alichokuwa anakisema Marloes kwenye upepo, alikuwa anasema kitu rahisi kabisa na mimi nikamtania... "Wessel." Tjitske tena, safari hii amefika mpaka mezani kwangu, tufaha limebaki kokwa, "Mangapi mekundu?" na mimi, "Moja," na yeye, "Na kwako?" Sherwin ameinua kichwa, anangoja ule wimbo wangu, nao wa dirishani wanangoja, hata mimi nausikia unakuja wenyewe kutoka tumboni kama mbweu, "Kwangu..." nasema, na maneno yanakwama, yanagoma kizingitini, na hakuna wa kuniwekea mguu, "Kwangu mimi nipo," nasema, na Tjitske, "Nini?" na Sherwin, "Amechoka, bosi, mpe maziwa," wanacheka kidogo, Tjitske hacheki, ananitazama kama anavyotazama namba zisizolingana, "Inatoka saa sita au haitoki?" na mimi, "Haitoki, hili jekundu ni la kweli," na sijawahi kusikia sauti yangu ikiwa ndogo hivi mbele ya watu, na yeye, "Sawa. Niambie ukijua," kana kwamba sijui, kana kwamba sijajua kuliko nilivyowahi kujua kitu chochote tangu nizaliwe, anakwenda zake, na Sherwin anainama juu ya meza, utani umemtoka usoni, "We, kuna nini?" namwambia, "Wewe unamjua mtu yeyote asiye na mji?" na yeye, "Wewe ukilewa," na mimi, "Mwingine," na yeye anatikisa kichwa, anarudi kwenye mkate wake... na mkono wangu unafuta, herufi moja, ya pili, ya tatu, ya nne, ruka haipo tena, na huo mstari wa Ineke nitaurudisha, kama ulivyokuwa, na "na kama" yake, lakini si sasa, sasa sigusi kitu, kwa sababu alama bado inazunguka na humo ndani ya chumba kile kitupu kuna mtu amesimama na swali lake, saa ngapi sasa, niko wapi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sitaki kijani, nakiogopa, kijani kikitoka sasa nitajua hata kontena limejifunza kunifurahisha... nyekundu, njoo, niumbue mbele yao wote, sema hujui uko wapi, sema mimi simo... miguu yangu imeshuka kutoka kwenye droo, sijui saa ngapi imeshuka, ipo sakafuni, mmoja umetangulia mbele ya mwingine, nje mvua ni ileile, na inazunguka, inazunguka bado...